Mchukuzi, Sumaku na Ngazi za Mkunazini

Mwezi uliopita tulialikwa harusi ya mjukuu wa Bwana Kanti, hapa hapa Wembley, katika ukumbi ulioko chini ya ardhi, wenye taa nyingi mno na ubaridi wa mashine ulionitafuna magoti. Mimi harusi za siku hizi hazinikai. Muziki unapigwa kana kwamba sote tushakuwa viziwi, na chakula kinaletwa watu washaanza kutafuta makoti yao. Lakini kwa Bwana Kanti ningekwenda hata kwa kutambaa. Nilimkuta kakaa kiti cha mbele, kilemba chekundu kichwani, mkongojo baina ya magoti. Hakunisalimu, hakuuliza watoto, hakuuliza afya. Alinishika mkono akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake, akasema kwa Kiswahili kile kile cha Darajani kwetu Zanzibar, ambacho miaka yote ya Uingereza haijakitia doa: "Raya, nambie. Mchukuzi au Sumaku?" Nilicheka, wallahi, nilicheka mpaka mume wangu Haji akaja kutazama kuna nini, na vijana wa Bwana Kanti wakadhani bibi huyu kapatwa na kitu. Mchukuzi na Sumaku ni wachezaji wawili wa mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya kubandika, wala hakuna Mmarekani anayewajua kwa majina hayo. Wazee wetu watatu ndio waliowabatiza, ukumbini kwetu, mwaka ambao mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Na mwaka huo nusura nikose kuolewa.

Nilikuwa nakaa na Ami Khelef, ndugu yake baba, na mkewe Bi Nunu, katika fleti ya ghorofani juu ya duka la vitambaa. Nani alinileta London na kwa nini, hayo tuyaache, yana marefu yake. Fleti ndiyo ninayoiona hivi sasa. Ukuta wa ukumbini ulikuwa na karatasi ya maua ya rangi ya kahawa tuliyoikuta, nayo ilibanduka pembeni kila baridi ikija, na Ami akaibandika kwa uji wa ngano. Kochi lilivikwa nailoni ambayo Bi Nunu alikataa katakata kuivua, kwa hiyo mgeni akijigeuza unamsikia. Baina ya jiko na ukumbi palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, chenye vibao viwili vya kusukuma, kama fleti nyingi za zama zile. Waingereza walikitia ili mama asizunguke na sufuria ya moto. Sisi kilitufaa zaidi ya hapo. Wanaume wakikaa ukumbini, sisi tuko jikoni, kibao kimeachwa wazi upana wa vidole viwili, na hakuna neno lililotupita.

Bi Nunu alikuwa na sharti moja, na kila aliyebisha hodi alisomewa: viatu na siasa za kwetu, vyote mlangoni. Asiyejua London ya Wazanzibari wakati ule atadhani ni mzaha. Baada ya Mapinduzi tulikuja huku pande zote mbili. Walikuja waliopinduliwa, wakaja na waliopindua, ambao baadaye nao yaliwafika wakakimbia. Tukajikuta tunanunua mihogo duka moja na kusimama kituo kimoja cha basi. Ami Khelef alikuwa wa kundi la kwanza. Nyumba yake ya Mkunazini, katikati ya Mji Mkongwe, ilichukuliwa, akatoka na mkoba mmoja. Mzee Makame, rafiki yake wa Jumapili, alikuwa wa kundi la pili. Alikuwa mchukuzi bandarini, Mapinduzi yalimfurahisha, hakuficha, kisha miaka baadaye akasema neno ambalo hakulisema panapofaa, na ikambidi aondoke na mwanawe usiku mmoja kupitia Mombasa. Watu wawili namna hiyo utawakalisha kochi moja wazungumze nini? Bi Nunu alishawahi kufagia vigae vya vikombe kwa ajili ya mazungumzo. Basi akaweka sharti lake.

Dawa aliileta Bwana Kanti. Alikuwa na duka hapo Wembley, bamia na mbatata mbele, kaseti za video nyuma, na yeye alizaliwa Darajani kama baba yake. Siku zile stesheni moja ya televisheni ilikuwa imeanza kuonesha mpira wa Kimarekani jioni za Jumapili. Bwana Kanti akaurikodi kwa makosa, alikuwa anatafuta filamu ya Kihindi, akamletea Ami kaseti, na Mzee Makame akaja naye siku hiyo kwa mara ya kwanza, ili wacheke pamoja. Hawakucheka. Walikaa mpaka chai ikapoa. Mimi nimefikiri sana kwa nini mchezo ule uliwakamata wazee ambao hawakuwahi kufika Amerika wala hawakuwa na haja nayo, na naona ni kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyeujua. Mpira wetu wa kawaida kila mtu ni bingwa, na kila ubishi unaishia ulisoma skuli gani na baba yako alikuwa nani. Huu walianza wote sifuri. Walichokipata kwa kutazama ni kwamba kuna mkimbiaji, ambaye mpira anasukumiwa tumboni akapasue watu nao, na kuna mdakaji, ambaye anakimbilia mbali kule, anageuka, na mpira unamkuta hewani. Hayo mawili yaliwatosha kugombania mwaka mzima.

Ami alikuwa mtu wa wadakaji, na kipenzi chake alimwita Sumaku. Mzee Makame alikuwa mtu wa wakimbiaji. Wake alikuwa Mchukuzi, na wa pili yake kijana mwembamba waliyemwita Tui, kwa sababu kila aliyemkamata alimponyoka vidoleni. Bwana Kanti alikuwa refa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza pande zote, kula, na mwisho kusema hukumu itatoka Jumapili ijayo. Yeye nyama hali, kwa hiyo Bi Nunu alimkaangia kachori katika karai yake pekee, na ole wako uitie sambusa mle.

"Mdakaji ni mtu wa akili," nilimsikia Ami siku ya kwanza niliyosikiliza kwa makini. "Mpira uko hewani, watu wawili wamemganda mgongoni, yeye hana habari nao. Sumaku hata haruki, yakhe. Mpira unamfuata wenyewe."

"Unamfuata kwa kuwa kuna mtu kaurusha," akasema Mzee Makame. "Yeye kafanya nini? Kanyoosha mikono. Hata mimi nikiletewa sahani nanyoosha mikono."

"Ebo! Hebu kanyooshe wewe basi, na watu wazima wawili shingoni."

"Mchukuzi hangoji kuletewa. Mbele yake watu wamesimama kama makabati. Anaingia! Wanamvuta fulana, wanamshika miguu, anakwenda nao hivyo hivyo. Mimi nimebeba magunia ya karafuu, bwana, najua. Ukisimama tu, umekwisha."

"Bwana Kanti, umesikia? Mwenzetu anatuletea habari za bandarini."

"Nimesikia yote," akasema Bwana Kanti. "Bi Nunu, kachori zimekwisha huku."

Na Haji? Haji alikuwa ndiye mwana wa Mzee Makame. Alikuwa fundi wa mabasi, na kila Jumapili alimleta baba yake kutoka Hounslow kwa gari lake bovu, kwa sababu mzee alibeba mizigo ya abiria uwanja wa ndege wiki nzima na mgongo haukutaka tena mabasi matatu. Mbele ya wazee Haji hakusema kitu. Alikaa pembeni, akisimama ni kukusanya sahani tupu na kuzileta kidirishani. Kwa hiyo mimi nilimjua mikono kabla ya uso: mikono safi, kucha zimesuguliwa, ila mistari ya viganja bado ina weusi wa grisi. Wiki ya kwanza ilisema ahsante. Wiki ya tatu ikasema, "Na wewe unamtaka nani, Mchukuzi au Sumaku?" Nikamwambia mimi namtaka anayekosha sahani. Jumapili iliyofuata sahani zilikuja zimeoshwa, alizipitisha chooni kwenye beseni la kunawia uso, mjinga yule. Bi Nunu aliona, akajifanya anatafuta chumvi. Hata kabla ya baridi kuingia tukawa tunakutana Jumamosi, kwa heshima zote, mahali penye watu, tunakunywa chai mbovu ya stesheni, na Haji akaniambia atamwomba baba yake alete posa kabla ya Ramadhani. Furaha niliyokuwa nayo sikuweza kuificha. Nilikuwa naimba hata nikimenya vitunguu.

Sasa, nyumba ya Ami ya Mkunazini ilikuwa na kasoro moja aliyoipenda kuliko uzuri wake wote. Fundi aliyejenga ngazi alipimia vibaya, na kidato kimoja karibu na juu kikawa kirefu kuliko vyenzake. Kila mgeni alijikwaa pale. "Ukisikia kishindo na mtu anasema astaghfirullahi," Ami alihadithia, "unajua si wa nyumbani." Wa nyumbani walinyanyua mguu bila kujua kwamba wananyanyua. Ami mwenyewe, miaka yote ile London, kila ngazi aliyopanda, akikaribia juu mguu wake uliruka peke yake kama wa jogoo. Bi Nunu alimcheka: "Mguu wako bado uko Mkunazini." Kisa hicho alikihadithia kila mara, na Mzee Makame alikisikia mara moja pale pale kwenye kochi, Haji yuko chini analitengeneza gari lake, na hakuwahi kusema neno.

Jumamosi moja tunatoka chini kwenye treni, mimi na Haji, tunapanda ngazi za stesheni ya Wembley. Alikuwa ametangulia kidogo. Karibu na juu nikamwona ananyanyua mguu, juu, bila ya haja, kisha anaendelea na maneno yake. Nilisimama palepale, watu wakanipiga vikumbo. Nikamuuliza, "Umefanya nini hapo?" Akatazama viatu vyake. "Nini? Ah, huo mguu. Mazoea tu. Nyumba niliyokulia ilikuwa na kidato kimoja kirefu. Ukisahau unavunja meno."

"Nyumba ya wapi?"

"Mkunazini. Baba alipewa vyumba vya juu, baada ya Mapinduzi."

"Kabla yenu ilikuwa ya nani?"

"Sijui," akasema. "Ya Mwarabu mmoja."

Mwarabu mmoja! Mwarabu mmoja alikuwa nyumbani wakati ule anabandika karatasi ukutani kwa uji wa ngano. Nilipomwambia Haji alikaa kwenye kidato cha stesheni, uso umemwiva, na hatukunywa chai siku ile. Tuliona wote wawili mambo yalivyo. Ami alikuwa mtu mpole, lakini nyumba ile ilikuwa jeraha. Bi Nunu aliniambia kwamba mwaka wa kwanza London alikuwa anaamka na kushika funguo ambazo hazikuwa na mlango. Mtu huyo ukamwambie kwamba anayemposea mtoto wake ndiye aliyelala chumbani kwake? Haji akasema baba yake labda hajui. Mimi nikasema labda. Tukakubaliana kunyamaza, na tangu siku ile kila Jumapili nilikuwa nasimama nyuma ya kidirisha nikisubiri nani atataja Mkunazini. Mzee Makame akipanda ngazi za fleti yetu, nilikuwa nakwenda mbio mlangoni kupokea koti lake ili Ami asimtazame miguu. Kwani yeye naye alikuwa ananyanyua. Tena yeye zaidi kuliko mwanawe.

Halafu ikaja Jumapili ya Sumaku kuangusha mpira. Ulimkuta peke yake, hana mtu, mstari uko mbele yake pale, ukamgonga viganja ukaanguka. Mzee Makame alicheka mpaka nailoni ya kochi ikalia. Ami hakupenda. "Hata hivyo ni mchezaji," akasema. "Huyo wako anavunja tu. Anavunja kila alichokikuta kimesimama, na watu wanampigia makofi."

Kicheko kikakatika. Nilisogeza sikio. Mzee Makame alizungumza polepole, na sauti haikuwa ile ya Jumapili. "Nyinyi ndivyo mlivyo. Maisha yenu mmekaa mnangoja kuletewa. Mbebaji akichoka kubeba, mnasema kavunja."

Hapo hapakuwa na habari za mpira tena, na kila mtu chumbani alijua. Bi Nunu alikisukuma kibao mpaka kikagonga ukuta, akatoa kichwa kizima ukumbini na mwiko mkononi: "Mlangoni! Nimesema mlangoni!" Lakini neno lilikwisha ingia. Mzee Makame alisimama, akaomba koti lake, akaaga kwa adabu kubwa, na adabu ile iliniumiza kuliko lau angetukana. Haji alimfuata. Kabla ya kutoka alikitazama kidirisha, na mimi nilikuwa nyuma yake na sahani ya visheti ambavyo hakuna aliyekula.

Jumapili zilizofuata zilikuwa mbaya. Ami aliweka kaseti na kutazama bila ya sauti. Sumaku akidaka, hakusema kitu. Sumaku akikosa, hakusema kitu. Bi Nunu alikaanga kachori kwa mazoea, kisha akazitazama katika karai na kuguna. Shaabani ilikuwa imeingia, watu wanaharakisha maharusi yao kabla ya mfungo, na mimi nalia bafuni na bomba nimelifungua. Siku moja niliwasikia wakinong'ona jikoni, mimi niko ukumbini kwa mara hii. "Kamwite, Khelef," Bi Nunu alikuwa akisema. Ami akajibu, "Nimwite nimwambie nini? Kwamba wake ni bora? Sisemi." Nilipolisikia hilo nilipata tamaa kidogo. Mtu aliyekata udugu hajali tena nani bora.

Basi alasiri moja hodi ikapigwa. Nilikimbilia mlango wa jikoni nikachungulia ngazini. Ami alikuwa kesha simama pale juu kupokea wageni. Mbele alikuwa Bwana Kanti, kavaa suti iliyombana, nyuma yake Mzee Makame na kanzu nyeupe chini ya koti la mvua, na mwisho Haji, rangi imemtoka. Nikajua posa imekuja. Na hapo, mbele ya macho ya Ami, Mzee Makame akakaribia juu, akanyanyua mguu wake. Nikarudi jikoni nikakaa juu ya gunia la mchele.

"Kaleta mshenga Bwana Kanti!" Bi Nunu alininong'oneza, mkono mdomoni. "Mshenga hata Fatiha haijui. Lo, London!" Lakini alikuwa anatabasamu, maana Mzee Makame hakuwa na jamaa mjini humu, na kama kuna mtu angeweza kuwakalisha wale wawili tena basi ni refa wao. Tukasogea kidirishani. Bwana Kanti akakohoa, akasema, "Bwana Khelef, leo sikuja kama refa. Leo nimekuja na maneno matamu, nimeyapanga njia nzima, nisikilize."

"Ngoja, Bwana Kanti," akasema Mzee Makame. "Usianze."

"Bwana we, mimi ndiye mshenga!"

"Ngoja nakwambia. Siwezi kuposa kwa mtu niliyemficha kitu." Nailoni ya kochi ikalia, alikuwa anajigeuza kumkabili Ami. "Bwana Khelef, nyumba yako ya Mkunazini tulipewa sisi. Vyumba vya juu. Tumekaa humo miaka. Mke wangu kafia humo, na huyu kijana kakulia humo. Mimi sikujua ni yako mpaka siku uliyohadithia kisa cha kidato. Nikanyamaza, kwa sababu nilipenda kuja hapa. Sasa nimesema. Ukitaka kututoa, tutoe, safari hii haki ni yako."

Nilikuwa nimeshika sinia la sambusa. Moja iliteleza ikaanguka, ikaviringika mpaka chini ya jiko la gesi, na mpaka leo nadhani iko huko. Bi Nunu alinibana mkono. Haji, naye akaniambia baadaye, alikuwa anahesabu maua ya ukutani ili asitazame uso wa mtu.

"Najua," akasema Ami.

"Unajua nini?"

"Kwamba ulikaa kwangu. Najua tangu siku ya kwanza Bwana Kanti alipokuleta. Nilisimama pale mlangoni kukupokea, ukapanda, ukafika karibu na juu, ukanyanyua mguu. Hakuna mtu duniani anayenyanyua mguu namna ile ila kapanda ngazi zangu."

Mimi miezi yote ile napokea makoti mbio mbio! Bi Nunu alinitazama, na macho yake yakaniambia kwamba hata yeye alikuwa anajua.

"Mbona hukusema?" Mzee Makame aliuliza, na sauti ilikuwa imempungua.

"Nilikasirika. Wallahi siku ile nilitaka nikuteremshe ngazi hizi hizi. Lakini ulikaa pale, ukatazama ile kaseti, ukasema mkimbiaji ni bora kuliko mdakaji. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nimshinde huyu katika hili, lile jingine nitamwambia baadaye. Na wewe hushindiki."

Bwana Kanti ndiye aliyecheka kwanza, kicheko cha mtu aliyekuwa amezuia pumzi. Ami hakucheka bado. "Nambie kitu kimoja tu," akasema. "Kidato kile. Mlikitengeneza?"

"Nilitaka. Kila siku watoto wanaanguka. Nilishapata saruji, nilishaikoroga kwenye ndoo. Mke wangu akanikataza. Alisimama pale ngazini akasema, usikiguse hicho. Mwenye nyumba akirudi, atajikwaa."

Kupitia nafasi ya vidole viwili nilimwona Ami anavua miwani, anaifuta kwa pindo la shati, anaivaa, anaivua tena. Bi Nunu pembeni yangu alikuwa analia wazi wazi, akifuta uso kwa kitambaa cha masufuria.

"Alikuwa akiitwa nani?" Ami akauliza.

"Maryamu."

"Mwenyezi Mungu amrehemu Maryamu," akasema Ami, na wote wakaitikia, pamoja na Bwana Kanti. Kisha akasema, "Haya. Kuhusu mtoto. Mila yetu mnaijua, hatujibu siku moja, na mwenyewe lazima aulizwe..."

"Nimekubali!" nikasema. Sikusema, nilipiga kelele, kupitia kidirishani, na kibao nimekisukuma chote. Mwari wa Kizanzibari anaulizwa faraghani, anainamisha kichwa, ananyamaza, na kimya chake ndiyo jibu. Mimi nilitoa kichwa ukumbini mbele ya wakwe, na mikono ina unga wa kachori.

"Hujaulizwa, we mtoto!" Bi Nunu akanivuta kanga kwa nyuma.

"Refa," akasema Ami, na sasa alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika, "umesikia hilo?"

"Nimesikia," akasema Bwana Kanti. "Linahesabiwa."

Sijui kama nitaweza kuieleza ile nafuu. Nilirudisha kichwa jikoni, nikala kachori nne za Bwana Kanti nimesimama, na kila moja ilikuwa tamu kuliko ya kwanza. Miezi yote ile nilikuwa nabeba jambo ambalo kila mtu katika fleti alilibeba kivyake, kila mmoja anadhani ni peke yake. Tulioana wiki ya mwisho ya Shaabani. Jumapili ya kwanza baada ya harusi wazee watatu walirudi kwenye kochi, na kwa furaha yangu kubwa waligombana vibaya sana, kwa sababu Tui alikuwa amepita watu uwanja mzima na Ami alikataa kukubali kwamba aliona. Mara moja moja walizungumza habari za nyumba pia: dirisha lipi lilivuja, jirani yupi alikuwa mkali. Bi Nunu hakuwapeleka mlangoni. Ami hakurudi Mkunazini mpaka alipokufa, na Mzee Makame alimfuata haikupita miaka mingi. Mpaka mwisho hakuna aliyemshinda mwenzake.

Haya yote nilimkumbusha Bwana Kanti pale harusini, muziki unatupigia masikioni, na yeye anaitikia kwa kichwa kana kwamba ndiyo kwanza anasikia. Nikamwambia, sasa wenyewe hawapo, toa hukumu yako bwana, tumekungoja vya kutosha. Akanitazama kwa ujanja. "Hukumu nilikuwa nayo tangu wiki ya pili," akasema. "Lakini ningeitoa, wangeacha kuja."

"Basi nani?"

"Sikwambii. Na wewe utaacha kuja."

Tulipoondoka tulimsaidia kupanda ngazi za ukumbi mpaka barabarani, maana alitaka hewa. Mimi mkono wa kulia, Haji wa kushoto. Tulikwenda taratibu. Karibu na juu Haji akanyanyua mguu wake, kama anavyonyanyua kila siku ya Mungu, nyumbani, msikitini, hospitali. Bwana Kanti, ambaye hakuwahi kukaa Mkunazini, akasimama palepale. Akanipa mkongojo nimshikie. Akajikamata kwenye bega la Haji, akanyanyua mguu wake wa kizee juu, juu kabisa, akautua polepole kwenye kidato.

"Tusijikwae," akasema. "Wenye nyumba watatusikia."